Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Safari ya Kilosa na Mikumi

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi wa Juni na tena mwezi wa Desemba, parokia zetu nyingi huandaa safari. Vijana wa VIWAWA hukodi basi, akina mama wa WAWATA hupika vyakula vya njiani, wanakwaya huchukua ngoma zao, na watoto hawalali usiku kucha kwa furaha. Wengine huenda Bagamoyo kuona msalaba wa kale, wengine Pugu, na siku hizi wengi huenda Mikumi kuwaona wanyama. Jambo hili ni jema, nasi hatuna neno la kulipinga. Kazi bila mapumziko huchosha mwili na kuikausha roho, na Mwenyezi Mungu mwenyewe alitupa siku ya kupumzika.

Lakini basi likisharudi na nauli ikishahesabiwa, yatupasa kuuliza swali moja: Tulikwenda kufanya nini? Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, wenyeji wa Kilosa na Mikumi walipona kwa sababu sisi tulifika, ama waliachiwa takataka na vumbi tu? Katika somo hili twataka kulichungua jambo hilo kwa utaratibu, ili atakayesafiri asafiri kama Mkristo, na asiyesafiri ajue jinsi ya kumpokea msafiri.

I. KUTEMBELEA NI TENDO LA KIKRISTO

Maandiko Matakatifu yamejaa habari za ziara. Abrahamu aliwakimbilia watu watatu penye mialoni ya Mamre, akawapa maji, kivuli na chakula, naye hakujua bado kwamba anampokea Bwana. Bikira Maria aliondoka Nazareti kwa haraka, akapanda nchi ya milima, akamtembelea Elizabeti, akakaa kwake yapata miezi mitatu. Wanafunzi wawili wa Emau walimshurutisha mgeni wa njiani alale kwao, nao wakamtambua Bwana katika kuumega mkate.

Tukizitazama habari hizi tatu twaona jambo moja. Katika kila ziara kuna mtu anayepokea na mtu anayepokewa, na baraka huwapata wote wawili. Maria hakwenda Uyahudi kutazama milima. Alipita milimani, bila shaka akauona uzuri wake, lakini alikuwa akienda kwa mtu. Hiyo ndiyo tofauti ya ziara ya Kikristo na utazamaji mtupu. Mtazamaji huuliza, "Kuna nini cha kuona?" Mgeni wa Kikristo huuliza pia, "Kuna nani pale, naye ana hali gani?"

II. TUJIFUNZE KWA WATAWA

Huko Ujerumani ziko wilaya ndogo za mashamba ambazo hazina viwanda vikubwa wala bandari, walakini watu huzitembelea mwaka mzima. Wanakwenda kuona nini? Aghalabu kuna abasia ya kale, kanisa lake, bustani, mabwawa ya samaki, na msitu uliotunzwa kwa vizazi vingi. Watu hutembea kwa miguu msituni, huingia kanisani kusali, hununua mkate au asali ya wenyeji, wakarudi makwao wametulia.

Uzuri huo haukuota wenyewe kama uyoga. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, aliwaandikia wamonaki wake Kanuni, na katika sura ya 53 aliagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Tena aliwataka wafanye kazi kwa mikono yao, na waweke nadhiri ya kudumu mahali pamoja mpaka kufa. Mtu ajuaye kwamba atazikwa hapa hapa haukati msitu wote kwa mwaka mmoja. Hupanda mti ambao kivuli chake atakifaidi mtu mwingine. Hivyo sala, jembe na msitu vikakaa pamoja.

Ni kweli kwamba mwaka 1803 serikali za Ujerumani zilizifunga abasia nyingi na kuzitwaa mali zake. Watawa walitawanyika, vitabu vikauzwa, majengo mengine yakabomolewa. Hata hivyo mahali pengi watu wa kijiji waliendelea kulitunza kanisa, wakalifanya la parokia yao, wakawasimulia watoto wao habari za waliolijenga. Kumbe urithi hauhifadhiwi na watawa peke yao. Huhifadhiwa na watu wa kawaida wanaoujua kuwa ni wao.

Nasi Watanzania tunahusika na habari hizo. Mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein alianzisha huko Bavaria shirika la Wabenediktini wamisionari, na mwaka 1887 makao yao yakahamia Emming, mahali panapoitwa sasa St. Ottilien. Mwaka huohuo wa kwanza wao wakatumwa Afrika ya Mashariki, wakajenga Pugu. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilishambuliwa katika vita vya pwani, na baadhi ya watawa wakauawa. Waliobaki hawakukata tamaa. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906, na mahali hapo pawili pakawa abasia zenye makanisa, hospitali, shule na karakana, ambamo vijana wetu wengi walijifunza useremala, uashi na uchapaji.

III. KILOSA: NJIA YA MISAFARA NA NJIA YA INJILI

Msafiri wa Kilosa asitafute huko kanisa kubwa la abasia mfano wa Peramiho. Urithi wa Kilosa ni wa namna nyingine. Ni urithi wa njia.

Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, imekaa chini ya milima ya Usagara, ambayo leo wataalamu huigawa kwa majina ya Rubeho na Ukaguru. Wenyeji wake wa asili ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na baada yao wamekuja watu wa makabila mengi waliofuata mashamba ya katani, reli na malisho. Mto Mkondoa hushuka kutoka milimani, hupita Kilosa, na maji yake huingia katika Mto Wami, ambao humwagika baharini upande wa kaskazini wa Bagamoyo. Bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za misafara kati ya pwani na nchi za Unyamwezi na Ujiji. Hapo zilipita pembe za ndovu, na hapo walipita pia watu waliofungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa kuuzwa. Msomaji anayesimama leo kwenye daraja la Kilosa akiyatazama maji, na akumbuke kwamba watu wengi waliyanywa maji hayo wakiwa na minyororo, wala hawakurudi tena.

Injili ilipanda kwa njia hiyohiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wakawafunza dini na kazi, kisha familia za Wakristo hao zikapelekwa bara kuanzisha vijiji vipya. Mhonda, katika milima ya Unguu, ilianza mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882. Upande wa Usagara nako wakafika, na Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, ni miongoni mwa misioni zao za kale.

Hapa kuna mafundisho mawili. Kwanza, vijana wetu husikia mara nyingi kwamba dini ililetwa na serikali ya wakoloni. Na wazitazame tarehe. Bagamoyo ni ya mwaka 1868. Mkataba wa Carl Peters na watawala wa Usagara ulitiwa alama mwishoni mwa mwaka 1884, na barua ya ulinzi ya Kaisari wa Ujerumani ilitolewa tarehe 27 Februari 1885. Wamisionari walitangulia kwa miaka 17. Hatusemi kwamba baadaye hawakusaidiana na serikali hiyo, maana walisaidiana, na mara nyingine kwa namna ambayo leo twaiona haifai. Historia ya Kanisa haina haja ya kupakwa chokaa. Lakini ukweli na usemwe wote, si nusu yake.

Pili, Injili haikupandishwa bara na Wazungu peke yao. Ilibebwa na wanaume na wanawake waliokuwa wamenunuliwa sokoni kama mbuzi, ambao walipokombolewa hawakukaa pwani kulia juu ya maisha yao, bali walikubali kupanda tena njia ileile iliyowashusha, safari hii wakiwa huru na wakiwa na rozari. Baada yao wakaja makatekista waliozunguka vijiji vya Usagara na Vidunda kwa miguu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya imani yetu katika sehemu hizi ni hao.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ukipita Kilosa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa mwezi wa Agosti 1916. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya hupita huko katika safari zake za Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Safari ya misafara iliyochukua majuma sasa ni ya saa chache. Lakini mwendo wa haraka una hatari yake. Atakayepita mahandaki ya Kilosa huku akitazama simu yake tu atafika Dodoma bila kujua kwamba amevuka kurasa nzima za historia ya nchi yake.

IV. MIKUMI: SHAMBA ALILOLIPANDA MUNGU

Kutoka Kilosa msafiri huelekea kusini hadi Mikumi, na njiani hupita mahali panapoitwa Ulaya. Naam, Kilosa ina Ulaya yake! Wako watu wetu wanaoota mchana na usiku kwenda Ulaya ya mbali kuona misitu na nyumba za watawa, ilhali Ulaya ya Kilosa, pamoja na misitu yake ya miombo, hawajapata kuikanyaga.

Jina la Mikumi latokana na miti ya mikumi, jamii ya minazi mirefu ya porini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na leo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Upande wa kaskazini kuna mbuga tambarare ya Mto Mkata, ambayo hujaa maji wakati wa masika na kuwa manyasi mafupi wakati wa kiangazi. Hapo huonekana nyati kwa makundi, pundamilia, nyumbu, twiga, swala, pofu, tembo na simba, na katika mabwawa kuna viboko. Kusini nchi hupanda kuwa vilima vya miombo, ikaungana na nyika kubwa ya Selous, ambayo sehemu yake mwaka 2019 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwenye nafasi huweza kuendelea mpaka Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, ambako maporomoko ya Sanje huanguka yapata mita 170, na ambako kuna ngolaga, jamii ya nyani, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu.

Kwa nini Mkristo atazame mambo haya? Kwa sababu viumbe ni barua ya kwanza ambayo Mungu aliwaandikia wanadamu wote, waliosoma na wasiosoma. Katika kitabu cha Mwanzo Mungu alimweka mtu bustanini ailime na aitunze. Maneno hayo mawili hayatenganishwi. Baba Mtakatifu Fransisko alilieleza fundisho hili mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si', akionyesha kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Wamisionari wetu wa kale walilijua. Padre Charles Sacleux, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotolewa mwaka 1939, alikuwa pia mtaalamu wa mimea, akakusanya majani na maua ya nchi yetu kwa uangalifu uleule aliokusanyia maneno yetu. Na Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, alitangaza huko Arusha mwezi wa Septemba 1961, hata kabla ya Uhuru kamili wa Desemba, kwamba wanyama hawa ni amana ambayo taifa changa litaitunza kwa faida ya watoto wake.

Amana hiyo imevunjwa mara nyingi. Katika hesabu ya tembo wa Selous na Mikumi, mwaka 2009 walikuwako karibu 39,000. Mwaka 2013 walibaki karibu 13,000. Katika miaka minne theluthi mbili walitoweka kwa risasi za majangili. Haiwezekani kwamba kazi kubwa namna hiyo ilifanywa na wageni tu. Ilihitaji mtu wa kuonyesha njia, wa kuficha bunduki, wa kupakia gari, wa kufumba macho kizuizini. Tujiulize wazi: hakuna miongoni mwao waliobatizwa? Amri ya saba yakataza kuiba, nayo haisemi kwamba mali ya wote si mali ya mtu. Anayeiba cha wote amewaibia wote, hata watoto wasiozaliwa bado.

V. KITANDA USICHOKILALIA

Sasa twafika kwenye jambo gumu la somo letu. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50. Abiria wa basi huona tembo dirishani bila kulipa senti, hufurahi, hupiga picha. Lakini jirani ya hifadhi kuna mkulima ambaye tembo huyo huyo, usiku wa kuamkia jana, alimlia mahindi yote. Mkulima huyo hakupiga picha. Alipiga debe mpaka alfajiri. Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Serikali imeweka utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyama wakali. Majina yenyewe yasema kweli: hufuta jasho na machozi, hayarudishi shamba wala mtu. Basi tukimsifu Mungu kwa ajili ya tembo, tusimsahau anayelipa gharama ya tembo. Si haki mtu wa mjini apate uzuri wote na mtu wa kijijini apate hasara yote.

Tena Kilosa imeonja machungu mengine. Tarehe 8 Desemba 2000, siku ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alfajiri, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa sababu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Chanzo chake kilikuwa ardhi, maji na malisho. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ikakatika. Milima ikinyolewa misitu, mvua haina kitu cha kuipunguza mwendo. Maji hushuka na udongo, mto hujaa mchanga, kisha hutafuta njia nyingine mitaani mwa watu. Hivyo msitu, mto, malisho na amani ni mambo yaliyofungwa kwa kamba moja.

Lakini Kilosa si nchi ya misiba tu. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vyake, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi misitu TFCG na mtandao wa MJUMITA, vilianza kusimamia misitu yao kwa mpango wa mkaa endelevu. Kijiji hupima msitu wake, hutenga sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kuvuna, na ile ya kuvuna hugawanywa vipande vinavyokatwa kwa zamu ya miaka mingi. Visiki huachwa vichipue. Ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia madarasa, maji na huduma nyingine. Huu ndio moyo uleule wa watawa wa kale: kata kidogo, ngoja, fikiri habari za mjukuu. Tofauti ni kwamba hapa ulifanywa na mkutano wa kijiji chini ya mti, na hilo latupa matumaini makubwa kuliko kuta za mawe.

VI. MASHAURI KWA WATAKAOSAFIRI

Kwa hayo yote twatoa mashauri machache, mepesi kuyashika.

Kwanza, safari ya Jumapili isiiondoe Misa. Parokia inayosafiri na iandike mapema kwa paroko wa Kilosa au Mikumi, iulize saa za Misa, isali pamoja na wenyeji. Kusali na watu usiowajua, kwa lugha moja na imani moja, ni ushuhuda mkubwa kuliko hotuba nyingi.

Pili, tembeleeni wagonjwa. Mikumi ina hospitali ya Kanisa iitwayo kwa jina la Mtakatifu Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote wa Uganda, aliyechomwa moto mwaka 1886 na kutangazwa Mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, mwaka uleule ilipoanzishwa hifadhi. Basi zima likipita mbele ya hospitali hiyo bila hata mtu mmoja kuingia na sabuni, sukari na neno la faraja, tumefuata mfano gani? Kuwaangalia wagonjwa ni tendo la huruma ambalo Bwana wetu amesema atatuuliza habari zake siku ya mwisho.

Tatu, dereva na aonywe kabla ya kuondoka. Ndani ya hifadhi kuna alama za mwendo na matuta, na faini kwa anayemgonga mnyama. Lakini faini si sababu ya kwanza. Amri ya tano yalinda uhai, na dereva anayekimbiza basi lenye watoto 60 mahali ambapo nyati huvuka usiku anacheza na uhai wao. Abiria wanaomshangilia aongeze mwendo wana sehemu yao katika kosa hilo.

Nne, msitupe taka dirishani. Nyani hufuata mabaki ya chakula barabarani na kugongwa. Mfuko wa plastiki humezwa na mnyama asiyejua. Chukueni gunia moja la taka, mrudi nalo.

Tano, nunueni kwa wenyeji: ndizi, mchele, mikeka, asali. Msipunje bei mpaka mama wa watu akauza kwa hasara. Shilingi inayobaki kijijini humfanya mkulima aone kwamba wageni, na pori wanalolijia, vina faida kwake pia. Kwa njia hiyo mnamsaidia hata tembo.

Sita, shikeni jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kikundi kitakacholala siku mbili au tatu kiombe kazi ya nusu siku: kupanda miti kando ya mto, kufagia makaburi ya wamisionari na makatekista, kupaka rangi darasa. Jasho huunganisha watu haraka kuliko picha.

Na kwa parokia za Kilosa zenyewe tuna neno moja. Watu hawatatembelea urithi usiojulikana. Wamisionari wa kale walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misioni: nani amebatizwa, mvua imenyesha lini, njaa imeanza lini. Desturi hiyo ifufuliwe. Vijana wawili wenye daftari waende kwa wazee, waulize: Katekista wa kwanza hapa alikuwa nani? Kanisa la kwanza lilisimama wapi? Msitu ulifika wapi ulipokuwa mtoto? Wazee hawatatungoja. Kila mazishi ya mzee ambaye hakuulizwa ni maktaba iliyofukiwa.

VII. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Safari ya mwisho ya parokia yetu iliwaachia nini wenyeji wa mahali pale?

2. Ni nani aliyeleta Injili katika kijiji chetu? Majina mangapi tunayajua, na yameandikwa wapi?

3. Je, mkaa tunaoutumia nyumbani watoka wapi, nao ulikatwa kwa utaratibu gani?

4. Mkulima aliyeharibiwa shamba na wanyama, na mfugaji aliyekosa malisho, hupata wapi mtu wa kuwasikiliza katika parokia yetu?

5. Jumuiya yetu yaweza kufanya kazi gani moja, kabla ya masika, kuulinda mto ulio karibu nasi?

Jumuiya isijaribu kuyajibu yote kwa jioni moja. Na ichague swali moja, ilifanyie kazi, kisha ituandikie barua, nasi tutazichapa zile zitakazowafaa wengine. Tena isikose kuwaombea watu 38 wa Rudewa Mbuyuni, pamoja na wote wanaoishi leo katika bonde lile, wenye jembe na wenye fimbo ya kuchungia, ili Mungu awajalie kugawana maji na nchi kwa amani.